Moshi mpaka Tanga kwa gari na watoto watatu: mwongozo kamili wa mama aliyeshatapikiwa

Nianze na hesabu maana hapo ndo wengi tunaharibu. Moshi mpaka Tanga ni kama kilomita 350, lami mwanzo mwisho, mtu akiwa peke yake anakwambia masaa matano nimefika, na baba watoto wangu akiwa mbele ya rafiki zake huwa anasema manne na nusu. Sisi mara ya kwanza tulitumia tisa. Tisa! Na hatukupata pancha wala gari halikuharibika, yaani yote yaliishia kwenye kukojoa, kutapika, kulia, kugeuza gari kufata khanga tuliyoisahau, na kusimama tu kwa sababu kila mtu mle ndani amechoka kumsikia mwenzake.

Tumeshaenda mara nne. Ya mwisho tulitumia masaa saba na nusu na tukashuka tunacheka, na sio kwamba tuliongeza spidi, ni kwamba tulipanga saba na nusu toka nyumbani. Kilomita anahesabu dereva, lakini muda anaupanga yule anayevaa pampasi, ukishalikubali hilo mengine yote ntakayoandika hapa yatakuingia kirahisi, usipolikubali utagombana na mumeo kuanzia Himo.

Kikosi chetu: Glory miaka 8, Kelvin miaka 4, na kamwisho ana mwaka na miezi saba. Gari ni Noah ya zamani. Wenye IST msiogope, inawezekana, mtabanana tu kidogo.

Hatua ya 1: Tarehe kwanza, loji baadae

Watu wa Moshi tunajijua, mwezi wa kumi na mbili hii barabara inabadilika. Kuanzia kama tarehe 18 mpaka Krismasi nchi nzima inapanda kuja Uchagani, mabasi na magari binafsi yamepangana kutoka Dar, na kila mtu anataka kuovateki. We unashuka, wao wanapanda, maana yake hao wanaovateki wanakuja kwenye upande WAKO. Mara ya pili tulitoka tarehe 22 na sitasahau, pale kati ya Same na Makanya tulitoka nje ya lami mara mbili kumpisha mtu anayewahi kula ng'ombe kwa baba yake.

Kwahiyo shule zikifunga tu, wiki ya kwanza au ya pili ya Disemba, shuka, rudi kabla ya hilo wimbi au katikati yake kama una moyo. Likizo ya mwezi wa sita ni nzuri zaidi kwa kweli, Tanga hakuna joto lile la kuchemsha na barabara imetulia. Ukishuka tarehe 27 unaenda na wanaorudi Dar, ni foleni ila angalau mnaelekea upande mmoja.

Hatua ya 2: Gari, wiki moja kabla

Sio jioni ya kuamkia safari. Fundi akiligusa gari leo na unasafiri kesho, kosa lake utaligundua ukiwa Hedaru. Peleka wiki moja kabla, breki, tairi zote nne na ya spea (spea ndo huwa haina upepo, kila mtu anaisahau), kulanti, mkanda, taa, waipa, AC. Tembea nalo mjini siku mbili tatu, kama kuna kitu kitajitokeza kijitokeze Majengo sio porini. Hakikisha kuna jeki, spana ya tairi, triango mbili za kuakisi na mtungi wa zimamoto ambao haujaisha muda, maana hivyo ndo vya kwanza kuulizwa ukisimamishwa. Bima angalia tarehe yake. Basi.

Hatua ya 3: Nani anakaa wapi

Hapa ntakaa kidogo maana ndo penye maisha ya mtu. Najua sisi wote tumekua tukipakatwa, tumefika salama, kwahiyo tunaona kiti cha mtoto ni mambo ya wazungu. Lakini gari likigonga au likifunga breki kali, mtoto wa kilo kumi anaenda mbele kwa nguvu ambayo mikono ya binadamu yeyote haiwezi kuishika, hata uwe unabeba viroba vya mahindi kila siku. Na ukimpakata na mkanda mkafunga wote wawili pamoja ni mbaya zaidi, we mwenyewe unamkandamiza.

Kiti chetu tulikipata mitumba ya Memorial, soko la hapa Moshi. Ukinunua cha mtumba angalia plastiki haina ufa, mikanda haijachanika wala kukatwa, kidude cha kufungia kinabana na kuachia vizuri, na chini au nyuma huwa kuna tarehe ya mwisho ya kutumika imechapwa kwenye plastiki, isome. Ukiona kimeandikwa kimepita muda au muuzaji anakwambia kilitoka kwenye gari lililopata ajali, kiache hata kama ni bei ya kutupa. Mtoto mdogo anaangalia NYUMA ya gari, muache hivyo mpaka aishie urefu na uzito wa kile kiti, na kamwe usimuweke siti ya mbele penye eabegi kwa sababu ile ikifumuka inampiga yeye kwanza. Kiti kikishafungwa ukishike ukitikise, kikicheza sana hujafunga.

Kelvin anakaa kwenye cha kumuinulia, ili mkanda wa gari upite begani na kwenye nyonga, sio shingoni na tumboni. Glory mkanda wa kawaida. Na kunyonyesha gari likiwa linatembea, mama mwenzangu, acha. Nimefanya, najua raha yake, kananyamaza fasta. Simamisha gari dakika kumi na tano, nyonyesha, cheulisha, rudisha kwenye kiti.

Alafu jua. Hili hakuna aliyeniambia nimejifunza kwa machozi. Ukitoka Moshi asubuhi kuelekea Same na Mombo, jua linatokea kushoto kwako, nyuma ya milima ya Upare. Kwahiyo kamwisho kanakaa kulia, nyuma ya dereva. Siku mnarudi asubuhi ni kinyume chake, hamisha kiti. Mara ya kwanza tulimuweka upande wa jua na khanga dirishani, khanga inaanguka, jua linampiga machoni, analia, naiweka, inaanguka, hivyo hivyo mpaka Korogwe. Siku hizi nafungia khanga juu kwenye kioo, unashusha kioo kidogo, unapitisha pindo, unapandisha. Haianguki. Ila dereva abaki anaona pembeni, usimzibe.

Hatua ya 4: Mabegi, na lipi linakaa wapi

Unaweza ukabeba kila kitu na bado ukakosa kitu, kwa sababu kiko chini ya mabegi mengine matano huko nyuma. Begi la nguo za Tanga liende chini kabisa hulihitaji mpaka ufike. Begi la pili ni la njiani, linakaa miguuni kwangu: pampasi (hesabu za kawaida za masaa hayo, ongeza tatu), waipsi, nguo za kubadilisha seti mbili kwa kila mtoto na blauzi yako MOJA, maana anayetapikiwa ni wewe, taulo la zamani, na poti. Ile poti ya plastiki ya elfu chache imeokoa safari nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichonunua. Mtoto wa miaka minne akisema mkojo hana maana ya dakika kumi zijazo, ana maana sasa.

Begi la tatu ni la dawa. Kipimajoto, paracetamol ya maji yenye kijiko chake cha kupimia (dozi inaenda kwa uzito wa mtoto, soma boksi, na usimpe mtoto aspirini), pakiti za ORS na zinki za mtoto akiharisha, plasta, dawa ya kusafishia kidonda, dawa ya kupaka kuzuia mbu. ORS changanya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe, usikisie, ikiwa nzito sana inadhuru. Zinki mtoto akiharisha inaenda siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumeisha siku ya tatu, wengi tunaachia njiani. Kadi ya bima ya afya ya kila mtoto iwe humo humo.

Na ule mzigo mmoja wa kila mtoto ambao bila huo halali. Wa kwetu ni khanga ya bibi, imechakaa mpaka maandishi hayasomeki. Tuliisahau kwenye hoteli moja pale Korogwe, tumeshapita Segera ndo kilio kikaanza. Baba watoto akasema atanyamaza. Hakunyamaza. Tukageuza. Mhudumu alikuwa ameshaifanya ya kufutia meza, nikaichukua hivyo hivyo na harufu ya pilau, mtoto akaikumbatia akalala dakika ile ile.

Siku hizi nimeikata vipande viwili, kimoja kinabaki kwenye begi.

Hatua ya 5: Msosi wa njiani

Kanuni yangu: kikavu, hakinuki, hakiyeyuki. Viazi vya kuchemsha, chapati, maandazi yasiyo na mafuta mengi, ndizi mbivu, karanga kwa mkubwa tu (wadogo chini ya miaka minne hivi karanga zinawapalia, na gari likiwa linatembea huoni mapema). Mayai ya kuchemsha ni matamu ila likimenywa moja kwenye gari lililofungwa vioo mtaelewana lugha nyingine. Ya kamwisho natengeneza mtori mwepesi usiku, asubuhi nauchemsha tena mpaka utokote, namwaga kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa na maji ya moto, saa moja anakula ukiwa wa moto. Ukibaki namwaga, sisubirishi mpaka mchana.

Juisi za boksi achana nazo mpaka mfike. Sio mambo ya meno, ni kwamba boksi moja ni vituo viwili vya kukojoa. Maji, kidogo kidogo, na wakati wa joto la Same usiwanyime kwa kuogopa mkojo, heri usimame.

Maziwa alfajiri kabla ya kuondoka: hapana, hapana, hapana. Nakuja kwenye hilo.

Hatua ya 6: Kutoka

Tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Kila kitu kimepakiwa usiku, watoto wamelala na nguo za safari (ndio, wanalala nazo, nani anawaona), unawabeba mmoja mmoja unawafunga mikanda wakiwa usingizini. Kukiwa giza na baridi ya Moshi wanaendelea kulala, Kiborloni inapita, Himo inapita, Mwanga wanaanza kujigeuza, Same wanaamka. Umeshakula kilomita mia moja hivi bila mtu kuuliza tumefika.

Ila sharti dereva alale. Baba watoto mara ya kwanza aliangalia mpira mpaka saa saba usiku, kufika Kisangara nikamuona anafumbua macho kwa nguvu. Nikamwambia baba Glory, simama. Akasema niko sawa mama Glory. Nikasema simama au nashuka mimi. Tulisimama akalala dakika ishirini. Kama dereva hajalala vizuri ondokeni saa mbili asubuhi, watoto watalia lakini mtafika.

Usiku sisafiri na watoto, sijali nani anasema barabara nyeupe. Malori yasiyo na taa za nyuma, ng'ombe, bodaboda isiyo na taa, na mtoto akiugua saa tano usiku kati ya Hedaru na Mombo unampeleka wapi?

Hatua ya 7: Kipande kwa kipande

*Moshi mpaka Same.* Hapa ni usingizi. Pale njia panda ya Himo ndo wanakokata wa Marangu, Rombo na Holili, nyie mnashika barabara ya Dar. Same mnasimama saa moja asubuhi, nusu saa nzima, sio dakika kumi. Wakimbie. Kabisa, watoe viatu wakimbie. Hapa ndo chai, mtori, pampasi mpya, na choo. Beba sarafu za mia mbili na mia tano za vyoo vya njiani, na karatasi zako.

*Same mpaka Mombo.* Hiki ndo kipande kigumu, kilomita mia na zaidi, tambarare, joto, kushoto milima ya Upare, kulia mapori, na mandhari haibadiliki sana kwa hiyo wanachoka. Ndo pia penye vijiji vingi vya spidi hamsini, Makanya, Hedaru na kuendelea, na matuta, na tochi za trafiki za kupima spidi. Kibao cha 50 kikipita bila wewe kukiona, 30,000 imeenda. Sisi tulipigwa tukiwa na 68 kwa sababu mimi na dereva tulikuwa tunabishana juu ya dirisha la Kelvin. Afande akasogea, Kelvin kutoka nyuma kwa sauti yote: shikamoo afande! Akajibu marahaba mwanangu, baba yako anakimbia sana. Alafu akaandika.

Tangu siku hiyo Glory ndo afisa wa hamsini. Kazi yake ni kuangalia vibao, akikiona anapiga kelele HAMSINI, na kibao cha kumaliza anasema RUHUSA. Analipwa shilingi mia kwa kila kibao ambacho baba hakukiona. Aisee mtoto wa miaka minane mwenye kazi ya kulipwa hana muda wa kumchokoza mdogo wake. Na hatujapigwa tochi tena.

Reli unayoiona ikikufata ni ile ya Tanga, Wajerumani walianza kuijenga kule pwani mwaka 1893. Na mbele kidogo mkianza kukuta mashamba ya mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanauma, waambie watoto kwamba mkonge nao uliingia mwaka huo huo 1893, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf, miche elfu moja ikasafirishwa kutoka Florida Marekani na iliyofika hai ni 62 tu. Sitini na mbili! Glory alikaa kimya akiangalia nje, alafu akauliza hiyo mingine 938 ilikufa na nini mama. Ilitupeleka mpaka Korogwe hiyo.

*Mombo.* Simameni tena, hata kama mmoja amelala mwingine hajalala. Mtoto mdogo kwenye kiti chake asizidishe kama masaa mawili bila kutolewa. Hapo unapata matunda na mboga za Lushoto, maplamu na mapeasi msimu ukiwepo, osha kwanza. Kuna mtu atasema tupandeni Lushoto tukaone, ni kilomita thelathini na kitu tu. Ni kilomita thelathini na kitu za kona juu ya kona. Kama una mtapikaji msichanganye siku moja, Lushoto iwe safari yake.

*Korogwe, Segera, Tanga.* Korogwe ni chakula cha mchana cha mapema, saa nne na nusu hivi, kabla mabasi hayajamwaga watu. Hesabu watoto, hesabu khanga, ondoka. Segera unaacha barabara ya Dar unakata kushoto, Muheza mnanunua machungwa, yamepangwa barabarani kama mawe ya ujenzi. Hiki kipande kamwisho analala na wengine wanajua bahari iko karibu, kwa hiyo kinajiendesha.

Kutapika, peke yake maana inastahili

Kelvin ndo umri wenyewe. Watoto wa miaka miwili mpaka kumi na miwili ndo wanasumbuliwa zaidi, wachanga mara chache sana. Inavyotokea ni kwamba sikio la ndani linahisi gari linatembea, macho yanaangalia kitabu au tableti yanasema tumetulia, ubongo unachanganyikiwa, tumbo linalipa. Kwahiyo dawa ya kwanza ni macho: akae mahali anaona mbele mbali, sio siti ya nyuma kabisa, na katuni zisiwepo gari likitembea. Mimi tableti inatoka tukisimama tu au Kelvin akiwa amelala na Glory anaitaka. Hewa iingie. Asiwe na njaa kabisa wala asishibe. Harufu ya ubani ule wa gari, utupe.

Siku ile ya kwanza nilimpa kikombe kizima cha maziwa saa kumi na moja kasoro ili asafiri na nguvu. Alisafiri na nguvu mpaka Hedaru. Sitaeleza sana, ila kiti cha Noah kina matundu mengi madogo ambayo sikuyajua.

Zamani ungekuwa na rambo mfukoni, sasa toka Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku hatuna. Kopo la aiskrimu la lita moja lenye mfuniko ndo jibu, weka karatasi ndani, likae mkononi kwa Kelvin mwenyewe ajisikie mwenye kopo. Mfuniko ndo muhimu. Dalili zinaanza mapema: anapauka, anapiga miayo, ananyamaza, mate yanamjaa. Mtoto msumbufu akinyamaza ghafla usishukuru, mwambie dereva asimame. Simameni mahali salama nje ya lami, hazadi zimewashwa, watoto watokee upande wa porini sio wa barabarani. Akishatapika mpe maji kidogo kidogo, subirini dakika kumi, chapati kavu.

Tangawizi kwetu imesaidia, chai ya rangi ya tangawizi vijiko kadhaa, na tunapita Same ambako Wapare wa Mamba Miamba wanailima kweli kweli kwa hiyo ipo. Dawa za kuzuia zipo pia ila nenda kwa mfamasia umwambie umri na kilo za mtoto, sio umkatie nusu ya kidonge cha bibi.

Vita vya siti ya nyuma

Vitakuwepo. Cha kwetu ni dirisha, na mpaka. "Mama ananigusa." "Sijamgusa, nimegusa siti." Nimejaribu kufoka, kutishia kurudi Moshi (walijua siwezi), pipi. Kilichosaidia ni begi dogo katikati yao kama ukuta, na vitendawili, vinakula kilomita sana. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Popoo mbili zavuka mto. Wakimaliza vya kwenu waache watunge vyao, Kelvin alitunga "kitu changu kinanuka lakini ni kizuri", jibu lake mpaka leo anasema ni baba.

Wakizidi kabisa, simama. Zima gari. Kaa kimya. Usiseme kitu. Dakika mbili za gari kuzimwa porini Makanya zina nguvu kuliko fimbo. Ila kuwaacha kwenye gari lililofungwa hata dakika tano ukanunue vocha, usithubutu, kwa joto lile mtoto anazidiwa haraka kuliko unavyodhani.

Hatua ya 8: Mkifika

Siku ya kwanza msipange kitu. Oga, kula, lala, jioni mkaone maji Raskazone. Kelvin alipoona bahari alisimama akashika kiuno akauliza, mama, nani kaacha bomba wazi? Ilinilipa ile Hedaru yote.

Loji uliza kabla ya kulipa: chandarua kipo na hakijatoboka, feni inafanya kazi, chumba cha chini au kuna ngazi na roshani isiyo na kizuizi. Watoto wetu wa mlimani joto la pwani linawatoa vipele shingoni na mapajani, waogeshe mara tatu kwa siku, nguo nyepesi za pamba, usiwamwagie poda nyingi. Chakula cha nazi waanzishe taratibu, Kelvin aliuangalia wali wa nazi akasema huu umeoga mafuta.

Baharini: maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, waulize wavuvi leo yanajaa saa ngapi, maana pale mlipokuwa mnacheza kwenye mchanga saa tatu panaweza kuwa kifuani saa nane. Mtu mzima mmoja awe karibu kiasi cha kunyoosha mkono akamshika mtoto, na awe hana simu. Wawili mkiangalia pamoja hakuna anayeangalia, mpeane zamu kwa jina. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa mkae kivulini. Yeboyebo miguuni, chini kuna mawe na vitu vya kuchoma.

Mapango ya Amboni ni karibu tu kaskazini ya mji, kwa Glory ilikuwa ndo safari yenyewe, mawe ya chokaa, popo, giza. Nendeni na muongozaji na tochi yenu ya ziada. Kelvin alifika mlangoni akasema amekumbuka ana usingizi, nikabaki naye nje na kamwisho. Msimlazimishe.

Hatua ya 9: Kurudi

Kurudi ni kugumu kuliko kwenda na hakuna anayesema. Hakuna bahari mbele, ni nyumbani tu. Bakizeni kitu, sisi tunanunua machungwa Muheza na kila mtu ana mfuko wake wa kumpelekea bibi, na mlima. Kilimanjaro kukiwa kweupe unaanza kuonekana mkikaribia Mwanga, wa kwanza kuuona anachagua chakula cha jioni. Glory ana ushindi mara tatu, na mara zote tatu amechagua chipsi.

Rudini siku mbili kabla ya kazi au shule. Mchanga utautoa kwenye gari mwezi mzima, viti vya watoto vitoe vitambaa ufue siku hiyo hiyo maana chumvi na jasho vinanuka vikikaa.

Na mtoto akipata homa baada ya kurudi kutoka pwani, hata kama ni wiki mbili tatu zimepita na we umeshasahau safari, usianze kumpa dawa za mafua ukisubiri. Mpeleke akapimwe malaria siku hiyo, na mwambie daktari kabisa kwamba mlikuwa Tanga. Kamwisho alipata siku ya kumi na moja. Alianza na kukataa kula tu, usiku homa ikapanda, asubuhi akapimwa malaria ikaonekana, akamaliza dozi yote siku tatu, wiki iliyofata alikuwa anapanda meza.